Stepping Stones (mafunzo)

'''Stepping Stones''' (maana yake: "mawe ya kuvukia mto") ni programu ya mafunzo ya vikundi yenye lengo la kuzuia maambukizi ya VVU na kupunguza ukatili wa kijinsia kwa kuboresha mawasiliano na mahusiano kati ya wanawake na wanaume. Ilitungwa na Alice Welbourn, na kitabu chake cha mwongozo kilitolewa mwaka 1995. Baadaye ilibadilishwa ili kuyafaa mazingira ya nchi mbalimbali za Afrika, Asia na mabara mengine. Nchini Afrika Kusini ilipimwa kisayansi mara mbili kati ya vijana: kwanza katika vijiji vya jimbo la Rasi Mashariki, kisha katika makazi ya vibanda ya jiji la Durban.

Uhusiano kati ya ukatili na VVU

Ukatili wa kijinsia huongeza hatari ya VVU kwa njia kadhaa. Ubakaji unaweza kusababisha majeraha yanayorahisisha virusi kuingia mwilini. Mwanamke anayeogopa kupigwa hushindwa kumwomba mwenzi wake atumie kondomu, na wengine huogopa kwenda kupima au kueleza majibu yao nyumbani. Vilevile tafiti za Afrika Kusini zimeonyesha kwamba wanaume wanaowapiga wenzi wao huwa pia na wapenzi wengi zaidi na hunywa pombe zaidi, hivyo wako katika hatari kubwa ya kuwa na virusi na kuwaambukiza wengine.

Umaskini huzidisha hali hiyo. Msichana asiye na kipato anaweza kumtegemea mwanamume kwa chakula, nauli au ada, na kwa hiyo ana nguvu ndogo ya kukataa anachotakiwa. Kijana wa kiume asiye na kazi hukosa njia zilizozoeleka za kuheshimiwa kama mwanamume. Baadhi yao huitafuta heshima hiyo kwa kumtawala mpenzi au kwa kuwa na wapenzi wengi.

Asili

Mafunzo ya kwanza yaliandaliwa nchini Uganda, katika kijiji cha Buwenda, wakati ambapo elimu kuhusu UKIMWI ilitegemea zaidi mabango na matangazo. Welbourn, ambaye mwenyewe anaishi na VVU, aliona kwamba kujua njia za maambukizi hakutoshi ikiwa watu hawawezi kuzungumza na wenzi wao kuhusu ngono, fedha, pombe na vipigo.

Katika muundo wa awali wanakijiji hugawanywa katika vikundi vinne: wanawake wazima, wanaume wazima, wasichana na wavulana. Kila kikundi hukutana peke yake na mwezeshaji wa jinsia yake, ili watu waweze kusema bila haya. Kwa nyakati maalumu vikundi hukutanishwa, na mwishoni kila kimoja hutoa ombi lake mbele ya jamii nzima, mara nyingi kwa njia ya igizo.

Muundo wa Afrika Kusini

Toleo la Afrika Kusini liliandaliwa na Rachel Jewkes, Mzikazi Nduna na Nwabisa Jama. Lina vipindi 13 vya saa tatu kila kimoja, pamoja na mikutano mitatu ya pamoja kati ya wavulana na wasichana. Mafunzo yote huchukua takribani saa 50, na hufanyika kwa muda wa wiki sita hadi nane.

Mwezeshaji hatoi mihadhara. Washiriki huigiza matukio ya maisha yao, hujadiliana, huchora na kufanya mazoezi ya kusema hapana au kusikiliza bila kukatiza. Mada ni pamoja na mapenzi, mwili na uzazi, magonjwa ya zinaa, kondomu, ukatili, sababu za watu kutenda wanavyotenda, na namna ya kukabiliana na huzuni na kifo. Msingi wake ni kwamba mtu hubadilika zaidi akiigundua hoja mwenyewe pamoja na rika lake kuliko akiambiwa la kufanya.

Jaribio la Rasi Mashariki

Jaribio lilianza mwaka 2003 katika maeneo 70, mengi yakiwa vijiji, karibu na mji wa Mthatha. Lilihusisha wanaume 1,360 na wanawake 1,416 wenye umri wa miaka 15 hadi 26, wengi wao wakiwa wanafunzi. Nusu ya maeneo ilipewa mafunzo kamili. Nusu nyingine ilipewa kipindi kimoja tu cha saa tatu kuhusu VVU na ngono salama. Washiriki walifuatiliwa kwa miaka miwili na kupimwa damu.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2008:
* Maambukizi mapya ya virusi vya malengelenge ya sehemu za siri (HSV-2) yalipungua kwa takribani 33%.
* Maambukizi mapya ya VVU yalikuwa pungufu kwa takribani 15%, lakini tofauti hiyo ilikuwa ndogo kiasi kwamba ingeweza kutokea kwa bahati. Hivyo haikuthibitishwa kuwa mafunzo yanazuia VVU.
* Wanaume waliopata mafunzo walisema wamefanya ukatili kidogo zaidi dhidi ya wapenzi wao hata baada ya miaka miwili. Ulevi na ngono ya kubadilishana na fedha au zawadi vilipungua kati yao baada ya mwaka mmoja.
* Kwa wanawake mabadiliko ya tabia yaliyotarajiwa hayakuonekana. Baada ya mwaka mmoja waliopata mafunzo walitaja zaidi ngono ya kubadilishana na fedha au zawadi.

Takwimu za wanawake hao hao zilitumiwa katika uchunguzi mwingine uliotolewa mwaka 2010. Ulionyesha kwamba wanawake waliopigwa au kubakwa na wenzi wao zaidi ya mara moja, na wale wasio na sauti katika uhusiano, walipata VVU kwa kiwango cha juu kwa takribani nusu kuliko wengine.

Creating Futures

Matokeo ya wanawake yalionyesha kwamba mazungumzo peke yake hayaondoi utegemezi wa kiuchumi. Kwa sababu hiyo watafiti wa Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal walitunga sehemu ya pili iitwayo '''Creating Futures''', yaani "kujenga mustakabali". Sehemu hiyo haitoi mkopo wala mtaji. Washiriki hutafakari ujuzi na watu walio nao, namna ya kutafuta kazi na kudumu nayo, kuweka akiba na kukabiliana na dharura. Jumla ya vipindi ikawa 21.

Mafunzo haya yaliyounganishwa yalijaribiwa kuanzia mwaka 2015 hadi 2018 katika maeneo 34 ya makazi yasiyo rasmi ya eThekwini, manispaa ya Durban. Walishiriki wanawake 676 na wanaume 646 wenye umri wa miaka 18 hadi 30 wasio na ajira rasmi. Baada ya miaka miwili wanaume waliopata mafunzo walitaja kufanya ukatili kidogo zaidi kuliko wenzao, na kipato cha wanawake kiliongezeka. Hata hivyo, kiwango cha ukatili ambao wanawake walisema wametendewa hakikupungua.

Mipaka ya programu

Tofauti kati ya majibu ya wanaume na ya wanawake inaweza kuwa na sababu mbili. Kwanza, washiriki wengi hawakuwa wapenzi wao kwa wao, hivyo mwanamke aliyefunzwa aliendelea kuishi na mwanamume ambaye hakufunzwa. Pili, takwimu za ukatili hutokana na maelezo ya wahusika wenyewe, na aliyefundishwa kwamba kupiga ni kosa anaweza kuona haya kukiri. Aidha, vijana wanaohangaikia riziki hushindwa kuhudhuria vipindi vyote.

Kwa sababu hizo programu nyingine huilenga jamii nzima. Mfano ni SASA! ya shirika la Raising Voices la Kampala, Uganda, ambayo jina lake ni neno la Kiswahili.

Tazama pia
* Ukatili wa kijinsia
* VVU
* UKIMWI
* Usawa wa kijinsia