Watoro wa Rabai na Maana ya Saburi

Neno saburi aghalabu hueleweka kuwa ni hali ya mtu kunyamaza na kuyavumilia yaliyomfika. Historia ya Wakristo wa kwanza wa pwani ya Malindi na Kilifi yaonyesha maana iliyo pana kuliko hiyo. Wengi wa Wakristo hao walikuwa watumwa, au watu waliopata kuwa watumwa. Imani yao ilijaribiwa mara mbili: kwanza na wenye watumwa, kisha na Wazungu wale wale walioileta Injili.

Ludwig Krapf aliwasili Mombasa mwaka 1844, na mwaka 1846 yeye na mwenzake Johannes Rebmann wakaweka kituo Rabai. Kwa miaka mingi waliobatizwa walikuwa wachache mno. Hali ilianza kubadilika mwaka 1864, walipofika Waafrika waliokombolewa utumwani na kusomeshwa Nasik, Bara Hindi. Miongoni mwao alikuwemo William Jones, Myao aliyechukuliwa mtumwa angali mtoto.

Wakati huo mashamba ya nafaka ya Malindi, yaliyofufuliwa katika miaka ya 1860, yalitegemea jasho la watumwa. Baadhi yao walitorokea bara wakajenga vijiji vyao katika nchi ya Wagiriama. Katika kijiji kimoja, Fuladoyo, watoro waliishi pamoja na Wagiriama waliokwisha kuamini, nao hawakuwa na mchungaji wa Kizungu. Kiongozi wao, David Koi, aliuawa mwaka 1883 katika uhasama wa wenye watumwa dhidi ya watoro hao.

Wengine walikimbilia Rabai. Hapo ndipo penye mtihani mkubwa, kwani sheria ya pwani ilimtambua mtumwa kuwa ni mali, na wakuu wa Kiingereza walikwisha kuwaonya wamisionari wasiwapokee watoro. Maandiko nayo yana pande mbili: Paulo alimrudisha Onesimo kwa Filemoni, bwana wake, ingawa alimwombea apokewe kama ndugu, lakini Torati, katika Kumbukumbu 23:15, yakataza mtumwa aliyetoroka kurudishwa kwa bwana wake. Jones, aliyewekwa kuwa shemasi na Askofu Hannington mwaka 1885, aliwapokea. Hakuwa akitetea jambo alilolisoma vitabuni tu, bali alilolionja mwilini mwake.

Mwaka 1888 wenye watumwa walidai warudishiwe watu wao, na vita vikakaribia. George Mackenzie, wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, alipatana nao walipwe fidia, na tarehe 1 Januari 1889 watoro zaidi ya 1,400 wa vituo vya misheni, hasa wa Rabai, walipewa hati za uhuru. Yafaa kulitazama hapa neno komboa. Kumkomboa mtu ni kumtoa kwa malipo, na kutokana na kitenzi hicho Wakristo walipata jina la Mkombozi. Kwa watu wa Rabai jina hilo halikuwa fumbo. Hata hivyo, malipo yenyewe yalikuwa na doa, kwa kuwa kumlipa bwana ni kukiri kwamba alikuwa na haki. Utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria pwani hadi mwaka 1907.

Uhuru huo haukuleta usawa ndani ya kanisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1880, huko Frere Town, makao ya walioachwa huru yaliyoanzishwa karibu na Mombasa mwaka 1875, msimamizi wa Kizungu alikuwa amelaumiwa kwa kuwachapa viboko wakazi. Jones mwenyewe, baada ya miaka mingi ya utumishi, aligombana na wamisionari wa Kizungu juu ya jinsi Waafrika walivyodharauliwa, akajiuzulu mwishoni mwa karne hiyo. Aliiacha kazi ya misheni, lakini hakuiacha dini.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha jambo. Mwenye nguvu hupenda kumhubiria mnyonge saburi ili anyamaze. Watu wa Fuladoyo na Rabai walitoroka, walipokeana, walidai haki, na ilipobidi walijiuzulu. Na katika hayo yote walisali. Kwao saburi ilikuwa ni kushika imani bila ya kumwachia mtu mwingine aimiliki.