Mituweli: hoja za wanaopinga bima ya afya kuwa mikononi mwa serikali

Mkazi wa Nyundo, wilayani Rubavu, akiugua huanzia kituo cha afya. Ikiwa amelipa mituweli, hutoa faranga 200 na kutibiwa. Ugonjwa ukizidi, hupewa rufaa kwenda Hospitali ya Gisenyi, ambako hulipa asilimia 10 ya gharama. Utaratibu huu, ambao jina lake rasmi ni Mutuelle de Santé, unasifiwa hata nje ya Rwanda. Hata hivyo, unao wakosoaji, na hoja zao si za kupuuzwa.

Mituweli ilianzaje?

Zamani mgonjwa alichukuliwa kwa ingobyi, machela ya kusukwa ambayo majirani waliibeba kwa kupokezana. Mifuko ya mituweli iliyojaribiwa mwaka 1999 katika wilaya za Byumba, Kabgayi na Kabutare ilifuata moyo huo huo: wanachama walichanga na kushiriki kusimamia fedha zao. Sheria ya mwaka 2007 ikafanya bima kuwa ya lazima, na Julai 2015 usimamizi ukahamishiwa Bodi ya Hifadhi ya Jamii, RSSB.

Wakosoaji wanasema nini?

Hoja ya kwanza inahusu mamlaka. Mfuko ulipokuwa wa kijamii, mwanachama aliweza kumuuliza jirani yake fedha zimekwenda wapi. Sasa maamuzi hufanyika mbali naye.

Ya pili ni ulazima. Kanuni hutaka kaya nzima ilipiwe. Kwa mchango wa faranga 3,000 kwa kila mtu, uliowekwa mwaka 2011 kwa tabaka la kati, kaya ya watu wanane ilidaiwa faranga 24,000. Aliyepata nusu yake alibaki bila kinga, na kaya nyingi zililalamika kwamba zimewekwa katika tabaka la ubudehe lisilolingana na hali yao.

Ya tatu ni mzigo kwa wengine. Tangu mwaka 2020 wafanyakazi wa mshahara hukatwa asilimia 0.5 ya mshahara halisi kuisaidia mituweli, ingawa wengi wao wana bima nyingine.

Ya nne ni ubora. Serikali hupanga bei za huduma na pia hugharimia matibabu. Wakosoaji wanaona kwamba bei ikiwa ya chini au malipo yakichelewa, dawa hukosekana, na mgonjwa mwenye bima huishia kununua dawa kwa fedha zake.

Ya tano ni dhamiri. Nyundo ni makao ya jimbo la Kanisa Katoliki, ambalo vituo vyake vya afya nchini hufanya kazi kwa makubaliano na serikali lakini havitoi dawa za kisasa za uzazi wa mpango. Wenye hoja hii wanahofu kwamba mlipaji akiwa mmoja, ndiye atakayeamua kila kituo kitoe huduma gani.

Nchini Tanzania, sheria ya mwaka 1977 ilipiga marufuku hospitali binafsi za kibiashara. Mwaka 1991 ikalegezwa, na wapinzani wa udhibiti wa serikali huutaja mfano huo mara kwa mara.

Watetezi wanajibuje?

Wanakumbusha kwamba mifuko midogo ilielemewa na madeni kwa hospitali, na hiyo ilikuwa sababu mojawapo ya kuihamishia RSSB. Kuhusu ulazima, wanasema bima ya hiari huwavutia waliokwisha kuugua, wenye afya wakasubiri, na mfuko ukafilisika. Tena kampuni binafsi za bima hazina sababu ya kibiashara ya kumfuata mkulima asiye na mshahara.

Hivyo ni wachache nchini Rwanda wanaodai kila mtu ajitibu kwa mfuko wake. Mabishano ni juu ya nani ashike fedha za wote, na nani awajibike mwanachama aliyelipa mchango wake mwezi Julai anapofika kituoni na kukuta dawa hazipo.