Hodi ya Mgeni: Tarikhi ya Waifai ya Bure Mikahawani

Alasiri moja mjini Mombasa, katika mkahawa ambao madirisha yake yanatazama barabara kuu, aliingia binti mmoja, mwanafunzi kwa dalili za mkoba wake na makaratasi yake, akaketi meza ya pili kutoka yangu, akafungua kompyuta yake ya mpakato, na kabla hajaitazama hata orodha ya vinywaji akamwita mhudumu: "Kaka, paswadi ya waifai ni ipi?" Mhudumu akamwonyesha kikaratasi kilicholazwa chini ya kioo cha meza. Binti akaiandika harufi baada ya harufi, alama ya mawimbi ikasimama kamili pembeni mwa skrini, ila ukurasa alioungoja haukufunguka. Akazima, akawasha, akahamia kiti cha karibu na kaunta. Hali ikawa ile ile.

Kuomba mtandao kabla ya kuomba kahawa ni jambo ambalo miaka 20 iliyopita lingemshangaza mwenye mkahawa yeyote wa pwani hii, na leo limekuwa ada. Walakini waifai ya mkahawani haikuzaliwa ikiwa hiba. Ilizaliwa ikiwa bidhaa, ikauzwa kwa saa kama viti vya senema, na safari yake ya kutoka mizani ya muuzaji hadi mkono wa mwenyeji ndiyo niliyokusudia kuieleza.

Asili yake ni mbali na kahawa. Mwaka 1971, katika Chuo Kikuu cha Hawaii, Norman Abramson na wenzake waliunganisha kompyuta za visiwa mbalimbali kwa mawimbi ya redio, wakauita mtandao wao ALOHAnet. Na faida ya jambo hilo mtu wa visiwani hahitaji kuelezwa. Mwaka 1985 halmashauri ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ikaruhusu masafa yaliyokuwa yameachiwa majiko ya maikrowevu na mitambo ya viwanda na hospitali yatumiwe kwa mawasiliano pasipo leseni, na ruhusa hiyo ndiyo iliyofungua mlango. Walioingia mapema ni kampuni ya NCR, wauzaji wa mashine za kupokelea fedha madukani, ambao walitaka mashine hizo zihamishwe kaunta hadi kaunta bila ya kuchimba kuta na kutandaza nyaya. Wahandisi wao wa Nieuwegein, Uholanzi, wakaifanya kazi hiyo, na mmoja wao, Vic Hayes, akaiongoza kwa miaka kumi kamati ya IEEE, chama cha wahandisi, iliyotoa mwaka 1997 kanuni ya 802.11, yenye mwendo wa megabiti 2 kwa sekunde, na mwaka 1999 ile ya megabiti 11. Mwaka huo huo wa 1999 ndipo chombo hiki kilipopewa jina la Wi-Fi, lililobuniwa na wataalamu wa majina ya biashara. Kwa hiyo waifai ilinusa kaunta ya fedha tangu tumboni mwa mamaye.

Mikahawa nayo ilikuwa imekwisha kuonja mtandao wa nyaya: San Francisco mwaka 1991 palikuwa na meza zenye kompyuta zilizotumbukizwa sarafu, na London mwaka 1994 ukafunguliwa mkahawa wa Cyberia. Kote huko mgeni alilipa.

Januari 2001 Starbucks ilitangaza kwamba kampuni ya MobileStar ingeleta mtandao usio na nyaya katika mikahawa yake. Kabla mwaka haujaisha MobileStar ilikuwa taabani, mali yake ikanunuliwa na kampuni iliyokuja kuitwa T-Mobile, na kwa miaka kadhaa mnywaji wa kahawa aliyetaka kusoma barua zake alitoa kadi ya benki mara mbili, mara moja kwa kikombe na mara ya pili kwa hewa. Ilhali mikahawa midogo, isiyo na mkataba na kampuni yoyote ya simu, ilikwisha kugundua hesabu nyepesi: rauta ni ile ile na ada ya mwezi ni ile ile, wageni wakiwa watatu au thelathini, bali mgeni aliyepewa mtandao hukaa, na akaaye huagiza. Hiyo ndiyo hoja iliyoshinda. Mwaka 2008 Starbucks, ikiwa sasa na kampuni ya simu ya AT&T, iliwapa wenye kadi yake saa mbili za bure kwa siku; Januari 2010 McDonald's ikafuta malipo katika migahawa yake ya Marekani; na tarehe 1 Julai 2010 Starbucks ikafungua mlango wake huko Marekani bila malipo na bila kikomo cha saa.

Huku kwetu, katika miaka ambayo Wamarekani walikuwa wakibishana juu ya ada, hapakuwa na cha kugawa, maana mtandao wetu ulipita kwa satelaiti, ghali na wa polepole. Ni mwaka 2009 tu ndipo kebo za baharini zilipotufikia, TEAMS ikitoka Fujairah hadi Mombasa, kwa njia ile ile ya bahari waliyoijua manahodha wetu, na SEACOM ikitua Mombasa na Dar es Salaam. Bila kebo hizo, kikaratasi kile chini ya kioo kisingekuwapo.

Baada ya ukarimu ikaja khofu ya mwenyeji. Mgeni akifanya haramu kwa mtandao wangu, nani atashtakiwa? Ujerumani swali hilo lilifika mahakamani: Tobias McFadden, mwenye duka la vyombo vya taa na sauti karibu na Munich, aliacha waifai yake wazi, mtu asiyejulikana akaitumia kugawa muziki, na Sony Music wakamdai. Tarehe 15 Septemba 2016 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba hapaswi kulipa fidia, lakini aweza kuamriwa aweke nenosiri na kuwataka watumiaji wajitambulishe. Mwaka uliofuata Ujerumani ikailegeza sheria yake.

Khofu hiyo, pamoja na tamaa ya kukusanya habari za wateja, imeuimarisha ule ukurasa unaosimama mlangoni kama bawabu. Rauta humpokea mgeni, lakini kila aombapo ukurasa wowote, humkatiza na kumpeleka kwenye ukurasa wa mkahawa, akubali masharti, kisha ndipo amwachilie. Sina ugomvi na bawabu aulizaye hodi. Ninao, tena mkubwa, na yule adaiye namba ya simu, anwani na tarehe ya kuzaliwa kwa ajili ya nusu saa ya mtandao, maana mgeni haandikishwi nasaba yake ili apewe maji ya kunywa.

Na ujanja wa bawabu una kasoro, iliyozaliwa na dawa ya tatizo jingine. Oktoba 2010 Eric Butler alitoa programu ndogo iitwayo Firesheep, ambayo kwayo mtu yeyote katika mkahawa wenye waifai ya wazi angeweza kuingia kwenye akaunti ya Facebook ya jirani yake kwa kubofya tu. Aliitoa ili kampuni ziaibike, nazo zikaaibika. Tovuti zikaanza kufunga mazungumzo yao kwa usimbaji, na tangu mwishoni mwa 2015 huduma ya Let's Encrypt ikawapa wote vyeti vya usimbaji bila malipo. Sitara ikapatikana. Lakini mazungumzo yaliyofungwa bawabu hawezi kuyakatiza, na mgeni hubaki kizingitini, mawimbi yamejaa na hakuna kinachofunguka. Ndiyo maana simu na kompyuta za leo, zikiungwa tu, hutuma kwa siri ombi dogo lisilosimbwa, za Apple zikitarajia neno "Success" na za Android zikitarajia jibu tupu. Jibu likija jingine, hujua kwamba bawabu yupo, zikamfungulia dirisha.

Kompyuta ya yule binti haikufungua dirisha hilo. Nilimkaribia, akaniamkia shikamoo, nikamwuliza, "Mwanangu, una VPN?" Akakiri anayo, programu hiyo inayosimba kila ombi kabla bawabu hajaliona. Tukaizima, akaandika neverssl.com, tovuti iliyowekwa makusudi bila usimbaji, na papo hapo ukatokea ukurasa wa mkahawa, na kitufe cha kukubali. Alikibonyeza, akaiwasha tena VPN yake, akampelekea mwalimu wake sura ya pili ya tasnifu, kisha akamwita mhudumu, akaagiza kahawa ya tangawizi.