Ningu Hafuati Mwezi

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kusoma kipimo cha maji cha Mto Simiyu. Saa tatu asubuhi na saa kumi jioni nilishuka ukingoni, nikatazama maji yamegusa namba gani kwenye ubao, nikaandika daftarini. Ofisi ilitaka namba tu. Pembeni niliongeza neno langu: ningu.

Tabia hiyo nilirithi kwa babu, mtegaji wa migono kutoka Binza. "Mjukuu wangu," aliniambia, "ningu hafuati mwezi, anafuata maji ya tope." Samaki huyu hukaa Ziwa Victoria lakini huzaa mtoni. Mvua ikipiga huku juu, mto unajaa, na samaki wa Ghuba ya Speke wanapanda dhidi ya mkondo hadi kwenye majani yaliyofunikwa na mafuriko. Hutaga hapo na kurudi ziwani upesi. Mayai huanguliwa baada ya siku chache. Vifaranga hutaka maji yatulie majanini.

Mpelelezi Stanley alipita mdomoni mwa mto huu Machi 1875, akauhesabu kuwa ncha ya kusini ya Nile. Angekuja Agosti angeuvuka bila kulowesha magoti. Ndivyo ulivyo Simiyu: hujaa, hukauka. Ningu aliizoea hali hiyo kabla yetu.

Mgono wa babu ulinasa wachache, wengi wakapita. Nyavu za makila, zilizoingia ziwani upande wa Kenya mwaka 1905, zilienea hadi kutandazwa midomoni mwa mito, zikawavua majike na mayai yao tumboni. Huku kwetu nako pori lilifyekwa, kwanza kufukuza mbung'o, kisha kupanda pamba. Jembe likafika ukingoni. Sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60 ziachwe. Mahali pengi sijaziona hata sita. Ardhi ikiwa uchi, mvua haizami. Inateremka yote kwa pamoja, nayo mafuriko yanaondoka mapema na kuacha mayai juani.

Daftari langu la kwanza lina neno "ningu" karibu kila maji yalipopanda. Katika la mwisho kuna usiku mmoja mto ulipopanda mita mbili, na kesho yake jioni ulikuwa umeshashuka. Namba zote nimeziandika. Pembeni ni peupe.