Kidole Gumba na Risha

Tangu Charlie Christian alipoingia bendi ya Benny Goodman na gitaa lake la umeme mwaka 1939, wapiga gitaa wengi wa jazi nchini Marekani walishika risha, wakatafuta sauti moja moja zifuatanazo, kana kwamba gitaa ni tarumbeta. Huko Brazil mkono wa kulia ulikuwa na kazi nyingine. João Gilberto, katika santuri ya "Chega de Saudade" ya mwaka 1958, hakuhitaji risha. Kidole gumba chake kilishika mdundo wa surdo, lile goma kubwa la samba, ilhali vidole vingine vilidonoa nyuzi kwa pamoja, mara vikilitangulia pigo, mara vikilichelewa, mfano wa vigoma vidogo. Ngoma nzima ya mtaa ikakaa ndani ya mkono mmoja. (Neno samba lenyewe wengi hulinasibisha na lugha za Angola, jamaa wa Kiswahili.)

Charlie Byrd wa Virginia alikuwa tayari kuupokea mkono huo. Mwaka 1954 alisoma kwa Andrés Segovia huko Siena, Italia, na jazi yake akaipiga kwa vidole vitupu juu ya nyuzi za nailoni. Mwaka 1961 serikali ya Marekani ilimpeleka Amerika ya Kusini pamoja na Keter Betts, mpiga besi, na Buddy Deppenschmidt, mpiga ngoma, ambaye alijifunza midundo kwa Wabrazili wenyewe. Tarehe 13 Februari 1962, katika ukumbi wa kanisa la All Souls, Washington, walirekodi "Jazz Samba" wakiwa na Stan Getz. Machi 1963 santuri hiyo iliongoza orodha ya Billboard.

Tuzo ya Grammy kwa "Desafinado" ilimwendea Getz peke yake. Saksofoni yake ni tamu, hilo halina ubishi. Lakini ondoa gitaa chini yake, na samba yote huporomoka. Ni kweli pia kwamba mkono wa Byrd ni mkavu kuliko wa Gilberto.

Mwenye haki zaidi ya kunung'unika huenda ni Laurindo Almeida, Mbrazili aliyehamia California. Yeye alikwisha kuoanisha gitaa la vidole na saksofoni ya Bud Shank katika nyimbo za kwao tangu mwaka 1953, kabla bossa nova haijapata jina.