Kero Isiyokoma Hukadiriwa na Nani?

Kisiwani Mafia nimeambiwa zaidi ya mara moja kwamba enzi za Mwingereza kesi za mashamba zilikatwa na juri: raia 12 wasio na cheo, wakisikiliza, wakikadiria hasara, na jaji akifuata. Hadithi tamu. Lakini juri hilo liliwahi kuketi hapa?

Nilianzia Chole, makao ya utawala wa Wajerumani hadi walipohamia Kilindoni mwaka 1913. Mizizi minene imezishika kuta za magofu, karatasi hakuna. Nikageukia sheria. Tanganyika ilipokea sheria ya Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Ndani yake kulikuwa na nini kuhusu kero, yaani jirani anapomharibia jirani raha au mali yake?

Kulikuwa na kesi mashuhuri iliyofika mwisho London mwaka 1865. Moshi wa kiwanda cha kuyeyushia shaba ulikausha miti ya jirani, na juri la Liverpool likampa mwenye shamba pauni 361 na ushee. Kanuni ya kawaida ilikuwa hii: hulipwa hasara iliyokwisha kutokea, na mahakama ikitoa fidia badala ya kuizuia kero, hutazamwa thamani ya mali kabla yake na baada yake, na tofauti hulipwa mara moja. Kanuni ilivuka bahari. Je, wale 12 nao?

Hapana. Huku jaji alipoketi na wazee wa baraza, maoni yao hayakumfunga. Hata sheria ya mabaraza ya ardhi ya mwaka 2002 inamtaka mwenyekiti asikilize wazee wasiopungua wawili. Akiwapinga, aandike sababu. Huo ni ushauri, si uamuzi wa juri. Sasa hasara ya mkulima ilipimwaje?

Kwa minazi. Chini ya sheria ya utwaaji ardhi ya 1967, ardhi tupu haikulipiwa. Kilicholipwa ni kilichoongezwa juu yake, nyumba na mimea. Sheria ya Ardhi ya 1999 ikaleta bei ya soko na fidia kamili, ya haki na ya haraka. Lakini hapo ardhi imetwaliwa. Jenereta la jirani likinguruma ukutani usiku kucha, shamba likabaki mikononi mwa mwenyewe, je?

Mnazi haujali kelele. Utazaa kama jana, kwa hiyo anayehesabu miti ataandika hasara sifuri, na mama aliyelala macho wazi hana safu katika fomu. Napinga hesabu hiyo kwa moyo wote. Ila hata bei ya kabla na baada inahitaji soko, na viwanja vingi vya ukoo hurithiwa, haviuzwi. Naamini wazee wanaoujua mtaa waulizwe kwanza, na jibu lao liwe na uzito kuliko ushauri. Nani ataibadili sheria iwape uzito huo?