Reli ya Cape Town na kompyuta za kukodi

Mwaka 1910 reli iliyotoka Cape Town, ikapita Bulawayo na daraja la Victoria Falls, ilifika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kuifuata shaba ya Katanga. Karibu karne moja baadaye, huko huko reli ilikoanzia, ilibuniwa huduma ya kukodisha kompyuta kwa saa ambayo leo inatumika dunia nzima.

Wazo la kuigawa kompyuta moja kwa watu wengi lina umri mkubwa zaidi. Mwaka 1964 wahandisi wa IBM mjini Cambridge, Massachusetts, wakiongozwa na Robert Creasy, walianza kuunda mfumo wa CP-40. Kompyuta ilikuwa ghali mno, nayo ilijaza chumba. CP-40 iliifanya moja ionekane kama 14, yaani mashine pepe: kila mtumiaji alidhani ana mashine yake, kumbe prosesa ilikuwa ikimhudumia kwa zamu za sehemu ndogo ya sekunde. Mwaka 1972 IBM ilitangaza mfumo mrithi, VM/370.

Zamu za prosesa zilipangika. Kumbukumbu ndiyo iliyowatoa wataalamu jasho. Ikielemewa, mashine hushinda ikipeleka data kwenye diski na kuirudisha, huku kazi yenyewe imesimama. Mwaka 1968 Peter Denning alipendekeza njia: kila programu ipewe nafasi ya kutosha kurasa za data inazozitumia kwa wakati huo, na ile isiyotoshea isubiri.

Baadaye seva zikawa rahisi, kila kazi ikapewa yake, nyingi zikakaa bila la kufanya. Kampuni ya VMware, iliyoanzishwa mwaka 1998, ilirudisha ugawaji katika mashine hizo ndogo. Mwaka 2002 mhandisi wake Carl Waldspurger alieleza mbinu ya puto: programu ndogo ndani ya mashine pepe hujitanua, na mashine hiyo hulazimika kuachia kumbukumbu isiyoihitaji sana, ikapewa jirani. Kwa hiyo mwenye seva anaweza kuahidi zaidi ya alichonacho, akitumaini kwamba wateja hawatadai vyote kwa pamoja. Mkazi wa Lubumbashi aliyezoea délestage ya umeme hahitaji kuelezwa mambo huwaje wakidai.

Turudi Cape Town. Chris Pinkham, mhandisi wa Amazon, alitaka kurudi kwao Afrika Kusini. Kampuni ikamruhusu kufungua ofisi huko. Timu yake iliunda huduma hiyo ya kukodisha, EC2, iliyofunguliwa kwa majaribio Agosti 2006 juu ya programu ya Xen, kazi ya Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Mashine pepe yenye kumbukumbu ya GB 1.75 ilikodishwa kwa senti 10 za dola kwa saa. Bei hiyo, pengine kuliko ufundi wenyewe, ndiyo iliyogeuza mambo: mteja naye akawa mgawaji. Mwaka 2009 Amazon iliongeza huduma ya kuzidisha na kupunguza mashine kadiri ya mahitaji. Ajabu ni kwamba Cape Town yenyewe ilisubiri hadi Aprili 2020 kupata vituo vya data vya Amazon.

Muda unahesabiwa hata mashine ikiwa haina kazi. Ofisi ya Lubumbashi inayolipia mashine hizo kwa dola kila mwezi ianze kwa kukagua ankara, kisha izime mashine ambazo hakuna anayezitumia usiku na Jumapili.